Mkojo, mabomba na sukuma wiki: safari ya mbolea iliyopotelea kwenye maji taka

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wale waliozoea kusoma habari za programu na seva hapa watanisamehe, kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya mkojo. Ndiyo, umesoma vizuri. Kama uko mezani, maliza chakula chako kwanza kisha urudi.

Kisa kilianza 2022. Mama yangu hulima mahindi karibu na Kitale, si shamba kubwa, ekari mbili hivi. Mwaka huo mfuko wa kilo 50 wa DAP ulikuwa umepita shilingi 6,000. Alinipigia simu jioni moja akaniambia kwamba amepanda kwa nusu ya mbolea anayotumia kila mwaka. Kisha akauliza kwa utani, "Sasa mwanangu, hiyo kompyuta tuliyokusomeshea, haiwezi kutengeneza mbolea?" Nilicheka, lakini simu ilipokatika swali lilibaki. Serikali ilileta ruzuku Septemba na mfuko ukashuka hadi shilingi 3,500. Ila kwa mahindi ya Kitale, Septemba ni kuchelewa. Kule watu hupanda Machi na Aprili.

Mimi mwenyewe naishi Nairobi, na shamba langu ni kipande cha paa ambacho mwenye nyumba ameniruhusu kutumia. Nilikuwa nimesoma kwamba mkojo una naitrojeni, fosforasi na potasiamu, yaani vitu vile vile vinavyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea. Basi nikaunda haidroponiki ndogo, kilimo cha maji bila udongo: mabomba mawili ya plastiki, ndoo ya lita 20, pampu ndogo na miche 12 ya sukuma wiki. Nikachanganya sehemu moja ya mkojo na sehemu kumi za maji, nikawasha pampu nikaenda kulala nikijiona mvumbuzi.

Siku ya sita majani yalikuwa yameanza kujikunja na kuwa na rangi ya manjano. Siku ya kumi mizizi ilikuwa ya kahawia na laini kama ugali uliochacha. Miche yote 12 ilikufa.

Nikafanya kile ambacho kila mwandika programu hufanya programu inapokataa: nikarudi nyuma kusoma kumbukumbu ili nione hitilafu ilianzia wapi. Nilidhani nitarudi nyuma miaka kumi. Nilirudi miaka zaidi ya mia tatu. Nilichokigundua ni kwamba kilimo cha maji na usafishaji wa maji taka ni watoto wa nyumba moja. Walikua pamoja, wakatengana kwa takriban karne moja, na ni juzi tu wameanza kutafutana tena.

Mtu aliyetafuta dhahabu, na mtu wa mnanaa

Mwaka 1669, katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani, mtu aitwaye Hennig Brand alichemsha mkojo mwingi mno hadi ukakauka, kisha akaunguza mabaki yake. Alitaka dhahabu. Badala yake akapata kitu cheupe kinachong'aa gizani. Ilikuwa fosforasi. Kwa hiyo elementi ambayo leo tunainunua kwa bei kubwa ndani ya mfuko wa DAP, mara ya kwanza kabisa kuonekana na mwanadamu ilitoka kwenye mkojo.

Miaka thelathini baadaye, 1699, Mwingereza John Woodward alichapisha matokeo ya jaribio rahisi sana. Alikuza mimea ya mnanaa ndani ya vyombo vya maji bila udongo wowote. Vyombo vingine vilikuwa na maji ya mvua, vingine maji ya mto Thames, vingine maji ya mfereji wa Hyde Park, na vingine maji hayo ya mfereji yaliyochanganywa na udongo wa bustani. Kisha akapima uzito. Mnanaa wa maji ya mvua uliongezeka kidogo, wa Thames zaidi, na ule wa maji yenye udongo ukaongezeka kuliko yote. Woodward akasema kwamba maji ni gari tu, na kwamba kuna kitu kilichobebwa ndani yake ambacho ndicho mmea unakula.

Hebu tulikumbuke hilo. Jaribio ambalo wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa haidroponiki lilionyesha kwamba mmea ulipenda maji machafu kuliko maji safi.

Mapishi ya chumvi, na uvundo wa London

Kitu hicho kilichobebwa na maji kilikuwa nini? Jibu lilikuja karne ya 19. Mwaka 1840 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alitoa kitabu kilichotetea kwamba mimea huishi kwa madini, na kwamba mavuno huzuiwa na kile kirutubisho kilicho kichache zaidi, hata kama vingine vimejaa tele. Kuanzia 1860, Wajerumani wawili, Julius Sachs na Wilhelm Knop, wakathibitisha jambo hilo ndani ya chupa. Walikuza mimea katika maji yenye chumvi chache tu. Mapishi ya Knop yalikuwa na naitreti ya kalisiamu, naitreti ya potasiamu, fosfati ya potasiamu, salfeti ya magnesiamu na chuma kidogo.

Tazama vizuri orodha hiyo. Naitrojeni yake yote imo kama naitreti. Nitairudia baadaye, kwa sababu hapo ndipo sukuma wiki zangu zilipofia.

Wakati Sachs na Knop wakipima chumvi zao, London ilikuwa inanuka. Vyoo vya maji vilikuwa vimeenea, na kila kitu kilimwagikia mto Thames. Kiangazi cha 1858 uvundo ulizidi hata pazia za Bunge zikalowekwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kuvumilia. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mabomba makubwa ya kubeba uchafu huo hadi mashariki ya mji na kuumwaga mtoni huko. Kiafya, kazi hiyo iliokoa maisha mengi sana, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kinaua maelfu. Hatuwezi kumlaumu.

Lakini Liebig alilalamika. Mwaka 1865 aliandika barua kwa meya wa London juu ya matumizi ya maji taka ya mji huo. Hoja yake ilikuwa ya mhasibu. Chakula kinatoka shambani, kinaingia mjini, na kirutubisho hakirudi shambani. Wakati huo huo Uingereza ilikuwa inanunua samadi ya ndege wa baharini kutoka visiwa vya Peru, ikiisafirisha nusu ya dunia. Yaani ilinunua kwa meli kile kile ilichokuwa inakitupa kwa bomba. Wahenga wetu wangemwelewa mara moja: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wadudu waliogunduliwa ndani ya maji taka

Paris ilijaribu njia nyingine. Ilianza kupeleka maji taka yake kwenye mashamba ya Gennevilliers, nje kidogo ya mji, ili udongo uyasafishe na mboga zipate mbolea. Wanasayansi wawili wa Kifaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz, wakataka kujua udongo unasafishaje. Walijaza mchanga na mawe ya chokaa kwenye bomba refu, wakapitisha maji taka polepole. Siku za mwanzo amonia iliingia juu na amonia ikatoka chini. Hakuna kilichobadilika. Baada ya siku 20 hivi, ghafla naitreti ikaanza kutokea chini, na baadaye amonia ikaisha kabisa.

Wakapitisha mvuke wa klorofomu, ambayo hulaza viumbe hai. Naitreti ikakoma. Wakaondoa klorofomu na kuongeza maji yaliyooshewa udongo wa bustani. Naitreti ikarudi. Mwaka 1877 wakachapisha hitimisho lao: kazi hii hufanywa na viumbe hai, si kemia tupu. Mwaka 1890, mjini Zürich, Mrusi Sergei Winogradsky akafanikiwa kuwatenga viumbe hao. Ni makundi mawili ya bakteria. La kwanza hula amonia na kutoa naitriti. La pili hula naitriti na kutoa naitreti.

Nilipofika hapa niliweka simu chini. Jibu la paa langu lilikuwa limechapishwa mwaka 1877.

Mkojo mbichi una yurea. Ukikaa siku chache, yurea huvunjika na kuwa amonia, ndiyo maana choo cha stendi kinawasha macho. Mmea hutumia amonia kidogo bila shida, lakini mizizi ikiogelea ndani yake hudhurika. Udongo una bakteria wale wa Schloesing na Müntz, nao huibadilisha amonia taratibu kuwa naitreti kabla ya kuua mmea. Ndiyo maana mgomba uliopandwa juu ya choo cha shimo kilichofungwa hustawi, na bibi zetu walijua hivyo bila darasa la kemia. Lakini mabomba yangu ya plastiki yalikuwa mapya na masafi. Hayakuwa na bakteria hata mmoja wa kutosha. Kwa lugha ya kazi yangu, nilikuwa nimeipa programu data ya muundo mmoja ilhali yenyewe husoma muundo mwingine, na kibadilishi katikati hakikuwepo.

Ndugu wawili wanatengana

Ungedhani baada ya 1890 kila kitu kilikuwa tayari. Mapishi ya maji yalijulikana, kibadilishi kilijulikana, na maji taka yalikuwa tele. Kwa nini basi hakuna aliyeunganisha?

Sababu kubwa ni bei. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha jinsi ya kutengeneza amonia kutoka kwa naitrojeni ya hewani, na 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau, Ujerumani. Naitrojeni ambayo zamani ilitafutwa kwenye vyoo na visiwa vya ndege sasa ilitengenezwa kiwandani. Fosforasi ilichimbwa kwenye miamba. Mbolea ikawa kitu cha dukani, na maji taka yakawa tatizo la afya tu. Ndugu mmoja akaenda kuishi na wakulima, mwingine akaenda kuishi na wahandisi wa mabomba.

Kwa hiyo William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipoanza mwaka 1929 kutangaza kilimo cha maji kama njia ya kulisha watu na si jaribio la maabara tu, alitumia chumvi za kununua. Alikuza minyanya mirefu kiasi kwamba ilimbidi mtu apande ngazi kuichuma, na magazeti yakampenda. Neno la Kiingereza la haidroponiki alilichapisha 1937. Aligombana na chuo chake kuhusu mapishi yake, akaondoka. Chuo kikawapa Dennis Hoagland na Daniel Arnon kazi ya kupima madai hayo, nao mwaka 1938 wakaandika kwa utulivu kwamba maji hayana muujiza wowote: ukilinganisha na udongo mzuri, mavuno hayapishani sana. Mapishi waliyoyatoa yanatumika hadi leo katika maabara duniani kote, na chumvi zake zote hutoka kwenye kopo.

Tangu hapo ukisikia haidroponiki unafikiria chumvi za kiwandani. Hata hapa kwetu, wauzaji wa vifaa vya kilimo hiki hukuuzia na pakiti za virutubisho vilivyosafiri kutoka nje.

Jiwe ndani ya bomba

Waliowarudisha ndugu hawa pamoja hawakuwa wakulima. Walikuwa mafundi waliochoka kuzibua mabomba.

Turudi Hamburg kidogo. Mji huo uliungua 1842, na watu walipokuwa wanachimba msingi wa kanisa jipya la Mtakatifu Nikolai walikuta fuwele za ajabu ndani ya tabaka la samadi ya zamani. Georg Ulex alizieleza mwaka 1845 na kuzipa jina la struvaiti, kwa heshima ya mtu aitwaye von Struve. Ndani ya fuwele hizo mna magnesiamu, amonia na fosfati. Kwa ufupi, ni mbolea iliyojitengeneza yenyewe ardhini.

Zaidi ya karne moja baadaye, miaka ya 1960, kiwanda cha maji taka cha Hyperion mjini Los Angeles kilikuta bomba lenye kipenyo cha inchi 12 limebaki na nafasi ya inchi 6. Lililojaa humo lilikuwa struvaiti. Mafundi waliipiga, waliimwagia asidi, wakaitupa. Kwa miaka mingi viwanda vingi viliichukulia kama kutu ya bahati mbaya.

Kisha mtu akauliza swali la kijinga ambalo kila mradi mzuri huhitaji: kama jiwe hili linataka kutokea, kwa nini tusiliache litokee mahali tunapotaka? Unaongeza magnesiamu kidogo kwenye tangi maalumu, unainua pH, na punje nyeupe zinaanguka chini kabla hazijafika kwenye bomba. Huko Shimane, Japani, kiwanda kilianza kufanya hivyo 1998 na punje zake zikauzwa kama mbolea. Huko Kanada, Donald Mavinic na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia walitengeneza tangi lao, na kampuni ya Ostara ikalipeleka sokoni. Kiwanda cha Durham katika jimbo la Oregon, Marekani, kilianza kulitumia kibiashara mwaka 2009.

Je, struvaiti yafaa kwenye haidroponiki? Huyeyuka polepole sana, na kwa kilimo cha maji hiyo ni kasoro na faida kwa pamoja. Juu ya paa la jengo la chuo kikuu nje ya Barcelona, watafiti waliweka punje hizo karibu na mizizi ya maharagwe yaliyokuzwa bila udongo. Katika matokeo waliyochapisha 2021, mimea iliyopewa kiasi cha kutosha ilizaa vizuri kama ile ya mbolea ya kawaida, na fosforasi iliyopotea na maji ilikuwa ndogo zaidi. Tatizo ni kwamba struvaiti hukupa fosforasi nyingi na naitrojeni kidogo. Naitrojeni iliyo nyingi bado inapita na maji.

Vuna

Hapa historia inarudi tena Zürich, mji wa Winogradsky. Nje kidogo ya mji huo kuna taasisi ya utafiti wa maji iitwayo Eawag. Watafiti wake walifanya hesabu iliyobadilisha mjadala: katika maji taka ya nyumbani, mkojo ni chini ya asilimia 1 ya ujazo wote, lakini hubeba takriban asilimia 80 ya naitrojeni na karibu nusu ya fosforasi. Basi kwa nini uichanganye na maji ya kuoga, ya vyombo na ya mvua, kisha utumie umeme kuitafuta tena? Jengo lao jipya la 2006 likawekwa vyoo vinavyotenga mkojo.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Afrika. Baada ya mlipuko wa kipindupindu wa 2000 katika jimbo la KwaZulu-Natal, manispaa ya eThekwini, yaani Durban na vitongoji vyake, ilijenga makumi ya maelfu ya vyoo vikavu vinavyotenga mkojo kwa familia zilizokuwa mbali na mabomba. Kuanzia 2010 manispaa hiyo na Eawag wakaanzisha mradi wa kuukusanya na kuugeuza mbolea. Jina la mradi ni VUNA. Kwa Kizulu neno hilo lina maana ile ile unayoijua wewe msomaji wa Kiswahili. Sikuhitaji kamusi.

Mtambo wao ndio ulionifanya nisahau usingizi, kwa sababu ndani yake kuna programu fupi sana. Bakteria wa Winogradsky wanaishi ndani ya tangi lenye hewa. Wakila amonia hutoa asidi, na pH inashuka. Mkojo uliokaa una pH ya juu, karibu 9. Basi pampu husoma pH tu. Ikishuka chini ya kiwango fulani, pampu huongeza mkojo. Ikipanda hadi kiwango cha juu, pampu huzima. Bakteria wenyewe ndio wanaosema wameshiba au wana njaa. Ukiwalisha kwa pupa, kundi la kwanza huenda mbio, kundi la pili hushindwa kufuata, na naitriti, ambayo ni sumu, hujaa tangini. Kila aliyewahi kuandika foleni ya kazi kati ya programu mbili zenye kasi tofauti anaijua hitilafu hiyo kwa jina.

Kwa sababu asidi hujizuia yenyewe, karibu nusu ya amonia hugeuka naitreti na mchakato hukoma hapo. Kinachobaki ni mchanganyiko uliotulia na usio na uvundo. Kisha hupitishwa kwenye makaa maalumu ili kunasa mabaki ya dawa za hospitali, na mwisho huchemshwa kupunguza maji na kuua vijidudu. Mbolea hiyo iliitwa Aurin, na mwaka 2018 Uswisi iliiruhusu kutumika hata kwenye mimea ya kuliwa.

Mjini Berlin kati ya 2013 na 2017, mradi ulioitwa Roof Water-Farm ulienda hatua zaidi, katika mtaa wa nyumba uliokuwa tayari na mtambo wake wa kusafisha maji. Maji meusi ya vyoo yaligeuzwa mbolea ya maji iliyopewa jina la Goldwasser, maji ya dhahabu, na kulishwa mboga za haidroponiki ndani ya banda la kioo. Nadhani Hennig Brand angefurahi kusikia jina hilo.

Sheria nazo zimeanza kufuata. Uswisi kwa kanuni ya 2016 na Ujerumani kwa kanuni ya 2017 ziliamua kwamba fosforasi ya maji taka si ya kutupwa tena. Ujerumani ilivipa viwanda vikubwa hadi 2029. Nchi hizi hazina migodi ya fosfati, na mwaka 2008 zilionja bei ya fosfati ikipanda mara kadhaa kwa miezi michache. Zilisoma somo lile lile ambalo mama yangu alilisoma 2022.

Daftari la Nairobi

Sasa tufungue daftari letu. Mtu mmoja hutoa kwenye mkojo kati ya kilo 2 na 4 za naitrojeni kwa mwaka, kutegemea mlo. Tuchukue 2, tusijidanganye. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Hiyo ni karibu tani 8,800 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una takriban kilo 13 za naitrojeni. Gawanya, unapata zaidi ya mifuko 670,000 kila mwaka. Ni hesabu ya mkono, na hakuna mtambo utakaoshika yote, lakini hata sehemu ya kumi ni mali.

Kwa sasa mali hiyo huenda wapi? Mbolea hushuka melini Mombasa, hupanda lori hadi mashambani, hugeuka chakula, huliwa Nairobi, na sehemu kubwa huishia mto Nairobi. Mto huo huingia Athi, Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Tunanunua bandarini na kurudisha baharini, kilomita mia moja na kitu kaskazini ya pale tuliponunulia.

Watu maskini walishaliona hili mapema. Kandokando ya mji wetu, wakulima wamekuwa wakizuia mabomba ya maji taka kwa miaka mingi ili kumwagilia sukuma wiki. Wanapigwa marufuku kwa haki, kwa sababu maji hayo yana minyoo, kipindupindu, na taka za viwanda. Lakini wanachokitafuta hawajakosea. Kinachokosekana ni kile kibadilishi cha katikati, na choo kinachotenga kabla ya kuchanganya.

Nami nilirudi paani. Safari hii nilitumia mkojo uliokaa zaidi ya miezi sita kwenye mtungi uliofungwa, muda ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza katika mwongozo wake wa 2006. Nikajaza mtungi mwingine vipande vya plastiki ili bakteria wapate pa kushika, nikaongeza kiganja cha udongo wa bustani, pampu ya hewa ya tangi la samaki, kipimo cha pH na Arduino. Msimbo wote ni mistari 40. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili, naitriti. Schloesing na Müntz walisubiri siku 20, mimi nilisubiri 37, na mara mbili umeme ulikatika nikadhani nimewaua wote. Siku ya 38 karatasi ya kupimia naitreti ikawa nyekundu.

Sukuma wiki za safari hii hazikufa. Hazikuwa nzuri kama zile za pakiti ya dukani. Mkojo una chumvi ya mezani nyingi, na maji yakizunguka muda mrefu chumvi hiyo hulundikana, kwa hiyo nabadilisha maji kila baada ya wiki mbili. Kalisiamu, magnesiamu na chuma ni kidogo, na bado nanunua. Na sijazila, sina makaa maalumu wala uwezo wa kupima mabaki ya dawa. Nimempa jirani awape kuku majani yaliyonyauka, na kuku hawajalalamika.

Nilimtumia mama picha. Akanipigia papo hapo. "Zimependeza," akasema. "Lakini mwanangu, hiyo ndoo yako itatosha ekari mbili?"

Haitatosha, mama. Ndoo moja haiwezi. Ila mji mzima unaweza, na mabomba ya vitongoji vipya ndiyo kwanza yanachimbiwa mitaro. Bomba likishafukiwa hukaa chini miaka hamsini, kwa hiyo swali la kutenga au kuchanganya huulizwa kabla ya simiti kumwagwa. Mchoro wa mtambo na ile mistari 40 nitaiweka hapa makala ijayo, pamoja na makosa yake yote. Hadi hapo, tuonane.